Katika Kuchagua Chombo cha Sauti

Katika mali zote alizo nazo mwanadamu, hapana iliyo nyepesi kupotea kama sauti yake. Nyumba hubaki baada ya mwenyewe kuondoka; mwandiko hukaa karatasini mpaka mchwa waufikie; hata nguo huweza kurithiwa. Sauti hutoka kinywani, hupiga masikio ya waliopo, ikaisha. Kwa sababu hiyo chombo kiwezacho kuishika sauti na kuihifadhi ni chombo cha kuheshimiwa, na mtu anayetaka kukinunua ana haki ya kufikiri kabla ya kutoa fedha zake. Insha hii yahusu fikira hizo. Yahusu pia muda uliopita nilipokuwa nikifikiri, maana muda huo nao ulikuwa na bei, na bei hiyo sikuiona imeandikwa dukani.

Shangazi yangu akaa Tanga, Ngamiani, katika nyumba ya bati yenye ua na mwembe mmoja. Umri wake umepita miaka 80. Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa baharia, na katika ujana wake alitunga utenzi juu ya safari ya jahazi lililopatwa na dhoruba baina ya Tanga na Pemba. Aliuandika kwa hati za Kiarabu, akautia sandukuni. Mchwa walikula sanduku, wakala na utenzi. Uliobaki ni ule uliomo katika kichwa cha shangazi, aliyefundishwa na baba yake alipokuwa binti mdogo, naye huughani polepole, kwa sauti nyembamba, akiwa ameketi mkekani. Hapana mtu mwingine aujuaye. Mwaka 2021 nilikata shauri kuurekodi ubeti kwa ubeti. Mimi ni mwalimu, naishi Dar es Salaam. Sikuwa na fedha za kukodi studio, wala shangazi hakuwa na nguvu za kusafiri. Ilinipasa kuichukua studio na kuipeleka kwake: kompyuta yangu, maikrofoni moja, na kifaa cha kuikuza sauti kabla haijaingia katika kompyuta.

Kabla ya kuendelea yafaa nieleze maneno. Lugha yetu hukiita kipaza sauti chombo kile kinachowekwa mbele ya kinywa, na hukiita kipaza sauti vile vile chombo kile kinachotundikwa juu ya msikiti au ukumbini ili watu wasikie. Kimoja hupokea, kingine hutoa. Jina ni moja. Msemaji wa hadharani hapati hasara kwa jambo hili, kwa kuwa atakacho ni kupazwa tu. Lakini mwenye kurekodi hatafuti kupaza, atafuta kupokea. Kwa hiyo katika insha hii kile kinachopokea nitakiita maikrofoni, na kile kinachokuza umeme wake dhaifu nitakiita priampu, kama mafundi wetu wanavyosema.

Maikrofoni za kurekodia mtu aimbaye au asemaye ni hasa za namna mbili. Ya kwanza ni dainamiki. Ndani yake mna kiwambo chembamba kilichofungwa kwenye koili ya waya, na koili hiyo imo katika nguvu za sumaku. Sauti ikikisukuma kiwambo, koili hucheza, na mchezo huo huzaa umeme kidogo. Ni chombo kigumu, hakihitaji kupewa umeme, na hata kikianguka aghalabu huokotwa kikaendelea na kazi. Maikrofoni iitwayo SM58, ambayo kampuni ya Shure ya Marekani iliitoa mwaka 1966, ni ya namna hii, na sidhani kama yuko msomaji asiyepata kuiona mkononi mwa mwimbaji wa taarabu au wa dansi, hata kama hakulijua jina lake.

Ya pili ni kondensa, ambayo E. C. Wente aliivumbua Marekani mwaka 1916. Hii haina koili. Ina kiwambo chepesi mno kilichowekwa karibu na bamba la chuma, na baina yao mna chaji ya umeme. Kiwambo kikitikisika, nafasi baina ya viwili hivyo hubadilika, na umeme nao hubadilika. Kwa kuwa kiwambo hakibebi mzigo wa koili, hutii upesi, na huzishika vizuri sauti za juu, kama vile s, sh, f na th. Lakini yataka umeme wa kuiendesha, aghalabu wa volti 48, unaopelekwa na priampu kwa waya ule ule uletao sauti. Maikrofoni zenye sifa kubwa katika studio za dunia, kama U 47 ya mwaka 1949 na U 87 ya mwaka 1967, zote mbili za Neumann wa Ujerumani, ni za namna hii ya pili.

Msomaji wa tenzi ataona mara moja kwa nini herufi hizo za juu zilinishughulisha. Ubeti wa utenzi una mistari minne, kila mstari mizani nane; mistari mitatu huafikiana kwa kina, na wa nne hufunga kwa kina kinachokwenda mpaka mwisho wa utenzi. Neno likimezwa, mizani hupunguka. Silabi ya mwisho ikififia, kina hupotea. Tena shangazi amepungukiwa na meno, na s yake imekuwa laini mno. Maneno kama ‘sina’ na ‘china’, au ‘pasa’ na ‘pata’, hutengwa na mvumo mdogo tu wa pumzi. Chombo kisichousikia mvumo huo kingeniandikia utenzi mwingine.

Basi nilinunua kondensa. Sikuinunua kwa hoja hizo nilizozitaja, maana wakati ule sikuzijua; niliinunua kwa sifa. Nilisoma kwamba maikrofoni ya studio ndiyo hiyo, nikatoa karibu mshahara wa mwezi mzima. Jina lake silitaji, kwa sababu kosa halikuwa lake. Pamoja nayo nilipata kisanduku cha kuunganisha maikrofoni na kompyuta, kile ambacho vijana hukiita saundi kadi, chenye priampu ndani yake. Katika mwezi wa Aprili nilipanda basi kwenda Tanga.

Nilimketisha shangazi sebuleni, kwa kuwa ndipo penye nafasi na nuru. Maikrofoni niliiweka hatua moja mbali naye ili isimwoneshe haya. Akaghani vizuri, kwa furaha, bila ya kusita. Mimi nilikuwa nimevaa visikizi masikioni, na nilichokisikia kilinifadhaisha. Nilimsikia shangazi, nilimsikia pia jogoo wa jirani, pikipiki za barabarani, feni ya dari, friji, na watoto wakicheza uani. Sauti yake yenyewe ilikuja mara mbili, mara moja kutoka kinywani na mara ya pili kutoka ukutani, kwa kuwa kuta tupu na sakafu ya saruji hurudisha sauti kama kisima. Kisha, alipofika katika habari za dhoruba, mvua ya masika ikaangukia bati. Shangazi akakata ubeti katikati, akamwita msichana wa nyumbani: ‘Hebu anua nguo, mama, zinalowa!’ Akangoja mpaka alipoona nguo zimeingia. Kisha akaendelea na ubeti ule ule, katika mstari ule ule, kana kwamba hakusimama.

Nilirudi Dar es Salaam na hasira. Nilimwambia mpwa wangu, kijana asomaye chuo, aufute mkanda wote, tuanze upya kwa chombo kingine. Akanijibu kwa adabu, ‘Mjomba, nafasi ipo tele. Kuna haja gani ya kufuta?’ Sikumjibu. Kwa kweli nilikuwa nimeshaacha kumsikiliza. Nilikuwa nikisoma habari za maikrofoni.

Hapo nilianguka katika kosa langu la pili, nalo lilikuwa la kusadiki jambo linalosemwa na wengi bila ya kulipima. Husemwa kwamba kondensa husikia chumba kizima, na dainamiki humsikia msemaji peke yake. Kwa hiyo mwenye chumba kibaya achague dainamiki. Tena nilisoma kwamba Michael Jackson aliimba nyimbo za *Thriller*, santuri iliyotoka mwaka 1982, mbele ya maikrofoni ya dainamiki, SM7 ya Shure. Nikajiambia: ikiwa ilimtosha yeye, itamtosha na shangazi. Niliiuza kondensa yangu kwa hasara, nikanunua dainamiki. Sikuyafikiri maneno mawili: ya kwanza, mwimbaji yule alikuwa kijana mwenye mapafu yenye nguvu, ya pili, alikuwa na studio iliyojengwa kwa kazi hiyo.

Mwezi wa Agosti nilikuwa tena Ngamiani. Safari hii nilijaribu kuisogeza maikrofoni karibu na kinywa, lakini shangazi akairudisha nyuma kwa mkono. ‘Chuma hiki mbona chataka kunibusu?’ akauliza, na nyumba nzima ikacheka. Nikaiacha ilipokuwa. Kelele za barabarani zilikuwa chache kidogo, naam; lakini shangazi naye alikuwa mchache. Nilikizungusha kitufe cha priampu mpaka mwisho wake, na hapo nilianza kusikia mchirizi usiokatika, kama mafuta yanayokaanga samaki jiko la pili. Chini ya mchirizi huo s ya shangazi ilizama. Nikamwomba apaze sauti. Akapaza. Lakini kughani kwa kupaza si kughani. Sauti yake ikakauka, mwendo ukaharibika, na kabla ya kufika ubeti wa 60 akaomba maji, akasema amechoka. Siku ya pili alisema hivyo hivyo. Nikaona haya kumshurutisha.

Wakati huo ndipo nilipoanza kujifunza ilivyo kazi ya priampu, nami nataka kuieleza hapa, kwa kuwa watu hutoa fedha nyingi juu yake bila ya kuijua. Umeme utokao katika maikrofoni ni mdogo sana. Mafundi huupima kwa kuiweka maikrofoni mbele ya sauti ya nguvu maalumu, paskali moja, ambayo ni kubwa kuliko mazungumzo ya kawaida. Mbele ya sauti hiyo, dainamiki kama SM7B hutoa milivolti moja na kitu kidogo. Kondensa yenye kiwambo kikubwa hutoa milivolti 8 mpaka 25 na zaidi. Kikongwe aketiye mkekani hatoi paskali moja. Hutoa sehemu ndogo sana yake. Kazi ya priampu ni kuukuza umeme huo mpaka uitoshe kompyuta. Hesabu yake ni desibeli: kukuza mara 10 ni desibeli 20, mara 100 ni desibeli 40, mara 1,000 ni desibeli 60. Dainamiki yangu, mbele ya sauti ya shangazi na kwa umbali ule, ilihitaji zaidi ya mara 1,000, na kisanduku changu hakikuwa na uwezo huo isipokuwa kwa kutoa kelele zake mwenyewe.

Nilikata shauri kununua priampu ya thamani. Kwa bahati rafiki yangu mmoja, fundi wa sauti, aliniazima yake kabla sijatoa fedha. Niliijaribu nyumbani kwangu usiku, nikisoma kwa sauti ndogo kama ya shangazi. Mchirizi ulipungua, lakini haukuondoka. Nikamwuliza kwa nini. Akanieleza jambo ambalo laiti ningalilijua mapema. Kelele hizo hazitoki katika ubaya wa kifaa peke yake. Waya wowote wenye joto la kawaida la chumba huzaa kelele ndogo za umeme kwa sababu chembe zake hazitulii. Kwa maikrofoni yenye upinzani wa omu 150, kelele hizo hufika kama dBu −131, na hapana priampu iwezayo kwenda chini ya hapo, hata ikiuzwa kwa bei ya nyumba. Priampu nzuri za siku hizi, hata zilizomo ndani ya visanduku vya bei ndogo, hufika karibu −128. Tofauti iliyobaki ni desibeli 3 tu. ‘Unataka kununua desibeli tatu kwa mshahara wa miezi mitatu,’ akaniambia. ‘Sogeza maikrofoni, upate kumi na mbili bure.’

Maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Ukiupunguza umbali baina ya kinywa na maikrofoni kwa nusu, sauti inayofika moja kwa moja huongezeka kwa desibeli 6. Ukiupunguza kwa nusu tena, huongezeka 6 nyingine. Kutoka sentimita 80 mpaka 20 ni desibeli 12. Wakati huo huo mwangwi wa ukutani na pikipiki za njiani hubaki pale pale zilipokuwa, kwa hiyo uwiano wote hubadilika kwa faida ya msemaji. Na hapa ndipo nilipofahamu uwongo wa lile linalosemwa na wengi. Maikrofoni haina akili ya kumchagua mtu na kumwacha jogoo. Dainamiki husifiwa kwa kukiacha chumba kwa sababu waimbaji hukaribia midomo yao kwayo. Ukiiweka hatua moja mbali, nayo husikia chumba. Kondensa ikisogezwa karibu, nayo humsikia mtu. Nilikuwa nimebadilisha chombo pale palipotakiwa nibadilishe mahali pa kukiweka.

Kuna jambo la pili alilonionesha. Maikrofoni nyingi za kuimbia husikia kwa umbo kama la moyo: mbele husikia sana, pembeni kidogo, na nyuma kabisa karibu haisikii. Wengi wetu huigeuzia uso maikrofoni kwa mwimbaji, tusifikiri mgongo wake watazama wapi. Mgongo ndio unaopasa kutazama kelele: dirisha, mlango au barabara. Hili nalo ni bure.

Basi hesabu ya mwisho ilinirudisha nilikotoka. Kwa sauti ndogo, yenye s laini, katika nyumba iwezayo kunyamazishwa saa moja kwa siku, kilichofaa kilikuwa kondensa iliyosogezwa karibu, pamoja na priampu ile ile ya kawaida niliyokuwa nayo tangu mwanzo. Nilinunua kondensa nyingine, ya bei ndogo kuliko ile niliyoiuza. Katika kuchagua huko ilikuwa imepita miezi tisa.

Katika miezi hiyo tisa shangazi aliugua. Alilala hospitali majuma mawili mwezi wa Novemba, akarudi nyumbani, akapata nafuu. Nilipofika mwezi wa Januari alinipokea mlangoni, nikamwamkia, ‘Shikamoo, shangazi,’ naye akaitikia, ‘Marahaba, mwanangu,’ kisha akaniita kwa jina la marehemu baba yangu. Sikulitilia maanani. Wazee huchanganya majina.

Safari hii nilifanya kila kitu kwa ujuzi. Niliiacha sebule, nikachagua chumba cha ndani kisicho na dirisha, walimokuwa wakiweka magunia na magodoro. Magodoro nikayasimamisha ukutani, mablanketi nikayatandika sakafuni, na kanga za shangazi mwenyewe nikazitundika mlangoni. Friji ilizimwa. Tulianza baada ya sala ya alfajiri, kabla ya pikipiki kuamka. Maikrofoni niliiweka umbali wa sentimita 20, kando kidogo ya kinywa ili pumzi za p na b zisiipige kiwambo, mgongo wake ukielekea mlangoni. Mjukuu wake mdogo nilimketisha mbele yake, nikamwambia shangazi amghanie mtoto, asinighanie mimi wala chuma. Akaghani. Naweza kusema bila ya kujisifu kwamba sijapata kusikia sauti iliyorekodiwa nyumbani ikawa safi kuliko ile. Kila s ilisimama mahali pake. Ulimi wake ulipogusa kaakaa nilisikia. Pumzi aliyovuta baina ya mstari wa pili na wa tatu, ambayo maisha yangu yote sikuwahi kuijua, niliisikia.

Nilirudi Dar es Salaam nikaanza kunakili. Zilitoka beti 191. Mpwa wangu akaniuliza kwa nini dhoruba imekwisha upesi. Tulifungua ule mkanda wa Aprili, ambao sikuwa nimeugusa tangu siku ile nilipotaka ufutwe, tukahesabu. Zilikuwa beti 214. Beti 23 zilizopungua zilikuwa za usiku wa dhoruba wenyewe: kukatika kwa foromali, mabaharia kutupa shehena baharini, na jina la kijana aliyechukuliwa na mawimbi. Nilimpigia shangazi simu, nikamwuliza kwa upole kama kuna beti baada ya pale jahazi linapopindua tanga. Akafikiri. Akasema, ‘Hizo ndizo zote, mwanangu. Baba hakuongeza nyingine.’ Nikarudi Tanga baada ya mwezi mmoja, nikamsikilizisha sauti yake mwenyewe ya Aprili. Alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akauliza ni nani yule bibi aghaniye vizuri hivyo.

Hivyo sehemu ya utenzi iliyo kiini chake imo katika mkanda mbaya peke yake, pamoja na jogoo, feni, na mvua juu ya bati. Niliyaona makosa ya mkanda ule mara moja nilipousikia. Kilichokuwa ndani yake kilinichukua karibu mwaka kukiona. Kama kijana yule angekuwa mtiifu kwangu kuliko alivyokuwa mwenye busara, leo nisingekuwa na kitu.

Sisemi kwamba uchaguzi wa chombo ni upuuzi. Kama ningalijua mwezi wa Aprili niliyoyajua Januari, ningaliusogeza mguu wa maikrofoni, ningaligeuza mgongo wake, ningalihamia chumba cha ndani, na beti zote 214 zingalikuwa safi. Hayo yote hayakuhitaji senti moja zaidi. Kwa hiyo kama msomaji ana nia ya kujitengenezea studio ndogo nyumbani, namshauri afuate taratibu ambayo mimi niliifuata kinyumenyume. Aitazame kwanza sauti anayotaka kuirekodi: je, ni kubwa au ndogo, ina ukali au ulaini? Akitazame pili chumba, na saa ambayo chumba hicho hunyamaza. Tatu apime umbali ambao msemaji ataukubali. Mambo haya matatu yakishajulikana, maikrofoni hujichagua karibu yenyewe, dainamiki kwa sauti yenye nguvu isemayo karibu, kondensa kwa sauti ndogo iliyo mahali patulivu. Priampu huja mwisho, na ya kawaida aghalabu hutosha. Lakini juu ya hayo yote, aanze kurekodi siku ile ile kwa chombo chochote alicho nacho, hata kama ni simu yake, na asifute. Uchaguzi waweza kuendelea huku kazi ikiendelea.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay ili sauti yake ishikwe katika santuri. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu kurekodi kwa umeme kuanza kutumika katika biashara ya santuri; kabla ya hapo waimbaji waliimba ndani ya pembe kubwa. Hakuchagua maikrofoni, wala hakuulizwa ampendayo. Santuri zake zina mikwaruzo mingi ambayo fundi wa leo asingeivumilia dakika moja. Alifariki mwaka 1950. Tunazisikiliza santuri hizo mpaka leo, na mtu azisikilizaye hasemi kwamba wangalingoja chombo bora zaidi.

Utenzi wa babu yangu sasa umekwisha kunakiliwa. Beti 191 zimetoka katika mkanda safi, 23 katika mkanda wa mvua. Tumeusikiliza huo wa mvua mara nyingi, mimi na mpwa wangu, kwa visikizi, kwa mashine, polepole na upesi. Ubeti wa nguo kuanuliwa nimeuandika kamili. Lakini katika ubeti unaofuata mvua ilizidi, na maneno matatu yamefunikwa. Mizani zake nazijua, kina chake cha mwisho nakijua, na mtu ajuaye kutunga angeweza kuyapata maneno yanayofaa mahali hapo kabla ya chai kupoa. Mpwa wangu ameshapata mawili. Nimemshukuru, nikayaandika pembeni kwa kalamu ya risasi. Katika ubeti wenyewe nimeacha nafasi tupu.